Sakafu Ndiyo Inayochagua: Vakyumu ya Waya au ya Roboti katika Nyumba za Eastlands

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, jua likiwa kali, tulikunja kapeti ya sebuleni, tukaitoa nje na kuitandaza juu ya ukuta wa ua. Roboti ya kufyonza vumbi ilikuwa imeipitia kapeti hiyo kila asubuhi kwa wiki tatu mfululizo, na kwa macho ilikuwa safi kabisa. Mama anayenisaidia kazi za nyumbani siku za Jumamosi akachukua mwiko wa ugali, akaigonga mgongoni mara nne. Vumbi likatoka kama moshi wa jiko la makaa linapowashwa. Akaniangalia, akasema, "Mama, hii mashine yako inakula vumbi la juu. La chini bado liko."

Maneno hayo yalinirudisha stoo, nilikokuwa nimeificha vakyumu yangu ya zamani ya waya, ile ya umbo la pipa. Tukairudisha kapeti ndani, nikaifyonza polepole, nikivuta bomba kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu kila sehemu. Kisha tukaitoa tena, tukaigonga tena. Safari hii kilichotoka kilikuwa kidogo sana. Siku hiyo niliacha kuuliza ni mashine gani bora, nikaanza kuuliza kila mashine inafanya kazi gani.

Nina sababu ya kulijali jambo hili. Kitinda mimba wangu ana pumu. Daktari alitueleza kwamba kufagia sakafu kavu hurusha vumbi hewani, na vumbi lile jembamba huelea kwa muda mrefu kabla ya kutua. Nimeishi Umoja katika nyumba ya kupanga, na sasa niko Buruburu katika mezoneti. Nimetumia mashine zote mbili katika nyumba hizo, na nimezitumia pia kwa dada yangu anayeishi mtaa wa Fedha. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, lifahamu vumbi lako

Sehemu kubwa ya Eastlands, huku mashariki mwa Nairobi, imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi, magurudumu ya matatu na bodaboda huusaga ukawa unga. Anayeishi Utawala, Njiru au barabara za ndani za Kayole anajua kwamba unaweza kupangusa meza asubuhi na jioni ukaandika jina lako juu yake kwa kidole. Anayeishi karibu na jaa la Dandora, linalopokea taka za jiji tangu miaka ya 1970, ana masizi pia.

Ndani ya nyumba nimejifunza kutofautisha vumbi la aina nne. Kuna unga mwembamba unaopita madirishani na kutua kila mahali, hasa chini ya kitanda. Kuna mchanga mzito unaoletwa na viatu, ambao hujikusanya mlangoni na kuzama ndani ya kapeti. Kuna nywele na nyuzi, na katika nyumba yenye wasichana watatu wanaosukwa, vipande vya nywele za kusukia huwa ni vingi kuliko unavyodhani. Mwisho kuna kile usichokiona: wadudu wadogo mno wanaoishi katika magodoro, makochi na kapeti, wakila chembe za ngozi zinazotubanduka. Kinyesi chao ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu.

Roboti inaweza vizuri unga mwembamba ulio juu ya sakafu ngumu. Mchanga uliozama na wadudu walio ndani ya godoro vinahitaji mashine yenye nguvu, na mkono wa mtu unaoiongoza.

Pima nyumba kabla ya kupima mfuko

Chukua tepu ile ya fundi wa nguo, kisha zunguka nyumba yako.

Anza na nafasi iliyo chini ya makochi na vitanda. Roboti nyingi zina kimo cha kati ya sentimita 8 na 10, na zile zenye kinara kidogo cha leza mgongoni ndizo ndefu zaidi. Kama kochi lako limeinuka sentimita 9 kutoka sakafuni, roboti ya sentimita 9 na nusu haitaingia, na chini ya kochi ndiko vumbi linakolala.

Pima vizingiti. Roboti nyingi hupanda kizingiti cha sentimita 2 hivi. Nyumba zetu nyingi za zamani zina kidato cha saruji kwenye mlango wa bafu au wa jikoni ambacho kinazidi hapo. Kila kizingiti kirefu ni mpaka: utalazimika kuibeba roboti kwa mkono kuivusha.

Hesabu ngazi. Mezoneti za Buruburu, zilizojengwa kwa awamu tano tangu miaka ya 1970, zina sebule chini na vyumba vya kulala juu. Roboti ya kawaida haipandi ngazi wala haizisafishi. Ina vihisi tumboni vinavyoizuia isianguke, nazo ngazi zenyewe hubaki kazi yako.

Kisha chunguza kapeti. Zile za manyoya marefu tunazozipenda sana Nairobi ni adui wa roboti. Ingiza kidole ndani ya manyoya. Kama ukucha wote umepotea, roboti itahangaika, itafunga brashi yake kwa manyoya, au itakwama katikati na kuanza kulia. Kapeti nyeusi ina tatizo la pekee. Vile vihisi vya tumboni hurusha mwanga usioonekana kwa macho na kungoja urudi, na rangi nyeusi huumeza mwanga huo. Roboti ikidhani imefika ukingoni mwa ngazi, hugeuka na kurudi. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama unaweza kuijaribu juu ya kitu cheusi.

Mwisho, tazama sakafu iliyo wazi. Kama nyaya za TV, viatu, ndoo na vitu vya kuchezea vya watoto viko chini muda wote, mashine hiyo itahitaji mtu wa kuitangulia kila siku akiokota.

Kazi ya mashine ya waya

Mashine ya kufyonza vumbi ina zaidi ya karne moja. Mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth aliisajili yake mwaka 1901. Ilikuwa kubwa hivi kwamba ilivutwa na farasi na kusimama nje ya nyumba huku mabomba yakiingizwa madirishani. Kanuni haijabadilika tangu wakati huo: feni inatoa hewa, hewa nyingine inaingia kwa kasi, na vumbi linakuja nayo.

Mashine ninayoitumia ni ile ya pipa, yenye wati 1,400, inayofyonza vikavu na maji. Ni nzito, ina kelele, na bomba lake hujikunja. Lakini inafika mahali ambapo roboti haifiki. Nafyonza ngazi moja baada ya nyingine. Nafyonza makochi, nikiingiza ule mdomo mwembamba kwenye mikunjo. Kila tunapobadilisha shuka nafyonza godoro la mwanangu pande zote mbili, kisha naliacha lipate hewa kabla ya kutandika. Mapazia pia, na gari.

Tena kuna maji. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipojaza mitaa, maji yaliingia katika nyumba za chini za watu wengi ninaowafahamu. Pipa langu lilitoka nyumba moja hadi nyingine, likifyonza maji ndoo baada ya ndoo. Ukitaka kufanya hivyo, hakikisha mashine yako imeandikwa kwamba inafaa kwa maji, toa kichujio cha vumbi uweke kile cha sponji, na usiiwashe kamwe mahali ambapo maji yamefikia soketi. Zima swichi kuu kwanza, uvute stima kutoka nyumba iliyo kavu.

Dukani utaambiwa kwamba wati nyingi ndizo nguvu nyingi. Wati zinaeleza stima inayoliwa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 900 kwa vakyumu za nyumbani kuanzia Septemba 2017, na nyumba za huko bado zinasafishwa. Kichwa kinachokaa vizuri juu ya kapeti, bomba lisilovuja na kichujio kisichoziba vina maana kuliko namba iliyochapishwa kwenye sanduku.

Kazi ya roboti

Roboti za kwanza kuuzwa madukani zilikuwa Trilobite ya kampuni ya Electrolux ya Uswidi mwaka 2001, na Roomba ya kampuni ya iRobot ya Marekani mwaka 2002. Zilifika katika nyumba zenye sakafu tambarare, vizingiti vifupi na nafasi ya kuzunguka. Nyumba inayofanana na hizo huitendea roboti haki, na nyumba ya dada yangu huko Fedha ni ya namna hiyo. Iko gorofa ya tatu, vigae tupu kutoka mlangoni hadi chumba cha mwisho, makochi yenye miguu mirefu, kapeti moja fupi tu. Watu wote wakishatoka asubuhi, roboti inajiondokea kituoni, inapita kila chumba na kurudi kujichaji.

Kipimo changu kwake kilikuwa soksi nyeupe. Kabla ya roboti, nikitembea kwake jioni, nyayo za soksi ziligeuka kijivu. Baada ya wiki moja ya kupita kila siku, zilibaki karibu kama zilivyotoka kufuliwa. Roboti ni dhaifu ikilinganishwa na pipa langu, ila inafanya kazi kila siku bila kuchoka, na vumbi lililokusanywa leo halipati nafasi ya kuzama kesho.

Zile za bei ya chini hugonga ukuta, hugeuka na kujaribu upande mwingine. Kuna kona zinapitiwa mara tano na nyingine hazipitiwi kabisa. Zile za leza huchora ramani ya nyumba na kufuata mistari kama mtu anayelima. Ukiweza, ongeza pesa upate ya leza. Kuhusu zenye kamera, fahamu kwamba mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review liliripoti jinsi picha zilizopigwa ndani ya nyumba na roboti za majaribio, mojawapo ikimwonyesha mwanamke akiwa chooni, zilivyoishia mitandaoni. Katika nyumba ndogo, ambapo mlango wa bafu unaangalia sebule, mimi nimechagua isiyo na kamera.

Roboti nyingi zinazopiga deki hupangusa tu. Kitambaa chao chenye unyevu huondoa unga uliobaki, lakini mafuta yaliyorukia vigae vya jikoni yanataka brashi na sabuni. Tena usitie sabuni ya unga katika tangi lake. Povu huziba mirija.

Stima, tokeni na intaneti

Hesabu ya stima ni rahisi. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pipa la wati 1,400 likifanya kazi nusu saa linakula yuniti 0.7. Nikilitumia mara mbili kwa wiki, mwezi mzima ni kama yuniti 6. Tokeni zangu siku hizi hunigharimu shilingi 25 hadi 30 kwa yuniti, kwa hiyo ni chini ya shilingi 200 kwa mwezi. Betri ya roboti ya kawaida hubeba sehemu ndogo tu ya yuniti, chini ya 0.1. Hata ikichajiwa kila siku na kituo chake kikibaki kimewashwa usiku na mchana, ni yuniti chache. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuuzie roboti kwa hoja ya kuokoa stima. Tofauti hiyo haitarudisha bei yake.

Stima ikipotea, pipa linanyamaza. Roboti inaendelea kwa betri, ingawa bila intaneti huwezi kuiamuru kwa simu. Bonyeza kitufe cha mgongoni. Wakati wa kuiunganisha mara ya kwanza, kumbuka kwamba nyingi hukubali Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee. Watu wengi hurudisha mashine dukani kwa kudhani imeharibika, kumbe simu ilikuwa kwenye 5 GHz.

Kuna pia mashine zinazokuja kama zawadi kutoka kwa ndugu walio Marekani. Huko stima ni volti 120, hapa kwetu ni 240. Kabla ya kuchomeka, soma maandishi yaliyo kwenye chaja au kituo. Kama yanasema 100–240V, unahitaji adapta ya plagi tu. Kama yanasema 120V pekee, ukichomeka utaunguza kituo siku hiyohiyo. Kwa upande wa pipa, siku za kawaida lichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyembamba iliyobeba pasi na vakyumu kwa pamoja hupata moto, na moto katika gorofa zilizobanana haumdhuru mwenye kosa peke yake.

Maswali ya kuuliza dukani

Uliza vipuri kabla ya bei. Brashi ya pembeni, kichujio na betri ya roboti ni vitu vinavyochakaa. Roboti yangu ilipovunjika brashi, duka nililoinunua lilinizungusha miezi miwili. Tangu hapo nashauri: nunua brashi mbili na vichujio viwili siku ileile unayonunua mashine, na kama muuzaji hana, hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda duka lingine.

Uliza kuhusu kichujio. Kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu, tafuta kilichoandikwa HEPA, kinachoshika chembe ndogo mno, na uhakikishe kinaweza kubadilishwa. Mashine yenye kichujio duni huvuta vumbi mbele na kulitema nyuma.

Washa mashine hapohapo kaunta, usikilize, uweke kiganja kwenye mdomo wa bomba. Chukua risiti yenye tarehe na muhuri, na waranti iliyoandikwa.

Kuitunza

Kila wiki geuza roboti tumbo juu. Nywele za kusukia hujizungushia brashi hadi ndani ya ekseli, na hapo ndipo mota huungua. Zikate kwa wembe au mkasi mdogo, kisha zivute. Pangusa vihisi kwa kitambaa kikavu. Kichujio kinachooshwa kikaushwe siku nzima kabla ya kurudishwa, kwa kuwa unyevu na vumbi la udongo wetu huwa tope.

Vumbi limwagwe nje, mbali na mgonjwa. Mimi hulimimina juu ya gazeti nililolilowesha, nalikunja, kisha linaingia pipa la taka bila kuruka.

Nyumba tatu, majibu matatu

Kama unaishi bedsita au chumba kimoja, iwe Pipeline, Tassia au Kayole, usinunue mashine yoyote kati ya hizi mbili kwa sasa. Nilipokuwa Umoja, mama yuleyule wa Jumamosi alinifundisha kutawanya majani ya chai yaliyochujwa na kukamuliwa juu ya kapeti isiyo nyeupe kabla ya kuifagia. Vumbi hushikamana nayo badala ya kuruka. Sakafu ya saruji au vigae inataka kitambaa kilicholowa. Kapeti ipeleke mara moja moja kwa vijana wa kuosha magari ambao pia huosha kapeti. Pesa zako zitakaa salama.

Kama nyumba yako ni ya vigae, tambarare, yenye kapeti chache fupi, na kutwa hamko nyumbani, roboti itakutumikia vizuri. Tafuta tu jirani au ndugu wa kukuazima pipa mara moja kwa mwezi kwa ajili ya makochi na magodoro.

Na kama una mezoneti, ngazi, kapeti za manyoya, watoto, au mtu mwenye pumu, nunua ya waya kwanza. Roboti isubiri hadi pesa nyingine zipatikane. Sisi tuna zote mbili sasa: roboti hupita chini kila asubuhi, na pipa hutoka stoo Jumatano na Jumamosi. Mama wa Jumamosi hajapoteza kazi yake. Ameacha kuinama na ufagio, na saa hizo amezihamishia kwenye madirisha na makabati ambayo zamani hatukuyafikia.

Mashine haikumponya mwanangu. Dawa yake ya kuvuta iko palepale karibu na kitanda, na daktari tunamwona kama kawaida. Ila msimu huu wa kiangazi nimeamka usiku kwa ajili ya kifua chake mara chache kuliko mwaka uliopita, na hilo linanitosha kuendelea.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla hujapanda matatu kwenda mjini kutazama bei, itoe kapeti yako nje, iweke ukutani, uigonge mgongoni mara nne kwa mwiko. Kisha vaa soksi nyeupe, utembee kwenye sakafu iliyobaki. Vumbi likitoka zaidi kwenye kapeti, nunua ya waya. Likionekana zaidi kwenye soksi, fikiria roboti.